Shajara ya kabati la uyoga: mvutano wa hewa safi na unyevu

Kabati na hesabu zake

Mradi huu unahusu kuotesha uyoga mamama, ambao kwa jina la kitaalamu ni Pleurotus ostreatus, ndani ya nyumba, katika kabati ambalo joto, unyevu, mwanga na mzunguko wa hewa yake hupimwa na kurekebishwa bila kungoja majira. Nimeuchagua kwa sababu hauchagui chakula: hula karibu kila aina ya mabaki ya mimea, kuanzia mabua ya nafaka hadi vumbi la mbao, na nyuzi zake hutambaa haraka kiasi cha kuwatangulia wapinzani wengi wanaogombea chakula hichohicho. Uyoga mweupe wa mviringo unaouzwa sana madukani hauna wepesi huo. Wenyewe hudai mboji iliyovundikwa na kupinduliwa kwa hatua kadhaa, kazi ambayo haifai kufanyiwa ndani ya nyumba wanamolala watu.

Kabati lenyewe ni fremu ya rafu nne za waya, yenye upana wa sentimita 70, kina cha sentimita 50 na kimo cha sentimita 160, iliyofunikwa kwa nailoni angavu yenye zipu upande wa mbele. Ujazo wake ni takriban mita za ujazo 0.56, na udogo huo ndio unaoamua mengi ya yatakayofuata, kwa kuwa hewa kidogo hubadilika upesi: zipu ikifunguliwa kwa muda mfupi tu unyevu hushuka, na ikibaki imefungwa usiku kucha bila feni hewa ukaa hulundikana.

Upande wa kushoto, karibu na sakafu, nimefunga feni ya kompyuta ya milimita 120 inayovuta hewa kutoka kabatini na kuitoa nje kupitia bomba linaloishia dirishani. Niliamua feni ivute badala ya kusukuma, kwa sababu ya spora: uyoga mamama uliokomaa humwaga spora nyingi mno, na feni inayosukuma hewa kabatini huzilazimisha zipenye kwenye kila mwanya wa zipu na kuingia chumbani, ilhali feni inayovuta huzielekeza zote kwenye bomba. Hewa mpya huingilia tundu la juu lenye kichujio, na hapohapo ndipo lilipounganishwa bomba la mashine ya unyevu, ile inayogeuza maji kuwa manyunyu laini kwa mitetemo isiyosikika. Vifaa vya umeme wa nyumba viko nje ya kabati na juu kuliko tangi la maji, kila waya umelegezwa uning'inie chini ya usawa wa soketi ili maji yakiuchirizika yadondokee sakafuni, na soketi yenyewe inalindwa na swichi inayokata umeme mara unapovuja.

Hesabu ya hewa ilikuwa hii. Inakubalika kwamba uyoga mamama unapozaa huhitaji hewa ya kabati ibadilishwe mara nne hadi nane kwa saa. Nikichukua mara tano, nahitaji mita za ujazo 2.8 kwa saa. Feni ya ukubwa huo isiyo na kizuizi chochote husukuma mita za ujazo 80 hivi kwa saa, maana yake dakika mbili za kuwaka katika kila saa zingetosha. Kwa kuwa bomba lenye mikunjo pamoja na kichujio hupunguza sana nguvu ya feni dogo, nilianza na dakika moja katika kila robo saa na kuviachia vipimo viamue.

Hesabu ya maji ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi iliyojaa unyevu kabisa hubeba gramu 17.3 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Chumba chenye unyevu wa asilimia 50 kina nusu ya kiasi hicho, na kabati lenye asilimia 90 lina gramu 15.6, kwa hiyo kila mara hewa ya kabati inapobadilishwa yote, karibu gramu 4 za maji hutoka nayo. Kwa mabadiliko matano kwa saa, hasara hiyo hukaribia nusu lita kwa siku, na bado hayajahesabiwa maji yanayoishia kwenye kuta za nailoni. Tena manyunyu hayo hupoza: kugeuza gramu 19 za maji kuwa mvuke kila saa hufyonza joto la wati 13 hivi, kiasi kinachoonekana wazi katika chombo kidogo namna hii. Ukivuta hewa zaidi unaukausha uyoga. Ukiibana hewa unauziba pumzi. Mengine yote katika mradi huu ni namna ya kusuluhisha mambo hayo mawili.

Kuvipima vipimo

Kipimaunyevu cha bei nafuu hakiaminiki mpaka nacho kipimwe, na njia ya kukipima ni rahisi. Chumvi ya kawaida huwekwa kwenye kifuniko cha chupa, hutiwa matone ya maji mpaka ilowe yote bila kuyeyuka, kisha kifuniko hicho na kihisi hufungiwa pamoja ndani ya mfuko usiopitisha hewa usiku kucha. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hivyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75, iwe joto la chumba ni nyuzi 20 au 25. Kihisi kimoja kilisoma 74, nacho nikakiacha kilivyo. Cha pili kilisoma 81, nikakibandika karatasi yenye kiasi cha kupunguza.

Hata hivyo asilimia 75 iko mbali na kiwango ambacho uyoga unakihitaji, na kihisi chaweza kuwa mkweli kwenye 75 kikawa mwongo kwenye 95. Nilirudia kipimo kwa salfeti ya potasiamu safi, ambayo ikilowa namna ileile hushikilia asilimia 97, na kile kilichosoma 74 kikasoma 93. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani mtu anayefukuzia asilimia 95 kwa kihisi kinachosoma chini ataendelea kumwaga manyunyu mpaka kuta zitiririke maji. Vihisi vingi vya aina hii hupima kwa utando mwembamba unaofyonza mvuke, na utando huo ukilowa kupita kiasi hukwama kwenye 99 au 100 kwa muda mrefu, kwa hiyo kihisi hakipaswi kuning'inizwa mbele ya mdomo wa bomba la manyunyu.

Kihisi cha hewa ukaa nacho kina hila yake. Vingi vya vihisi vya nyumbani hujirekebisha vyenyewe kila baada ya muda, vikidhani kwamba kiwango cha chini kabisa vilichokutana nacho ni cha hewa ya nje, yaani sehemu 400 hivi kwa milioni. Ndani ya kabati lenye kuvu inayopumua mchana na usiku, dhana hiyo haina msingi: kihisi kitaona 900, kitaiita 400, na kuanzia hapo kitampa mwenye kabati faraja ya uongo huku mashina ya uyoga yakirefuka. Niliuzima urekebishaji huo, nikakiweka kihisi dirishani penye hewa ya nje, nikakisawazisha hapo kwa mkono kabla ya kukirudisha kabatini.

Mabua na mbegu

Chakula cha uyoga kilikuwa kilo tano za mabua makavu ya ngano, yaliyokatwa vipande vya sentimita tatu hadi tano na kulowekwa katika maji ya nyuzi 65 hadi 80 kwa saa moja na nusu. Hapa hakuna haja ya kuchemsha. Joto la kiasi hicho huua spora nyingi za ukungu na mayai ya wadudu, lakini huwaacha baadhi ya bakteria wanaostahimili joto, nao huwa walinzi wasiolipwa, kwa maana hukalia nafasi ambayo ukungu ungeikalia. Mabua yaliyochemshwa mpaka yakasafishika kabisa ni shamba lisilo na mwenyewe; yeyote atakayetua kwanza atalimiliki. Wapo wanaotumia maji baridi yenye chokaa ya kutosha kupandisha pH kupita 12 na kuloweka usiku kucha, njia inayookoa nishati na inayofanya kazi vizuri, ila huacha maji makali ambayo hayamwagwi ovyo.

Baada ya kuchujwa, mabua hupimwa kwa mkono: konzi ikikamuliwa kwa nguvu itoe matone machache, isitiririke. Yalipofikia hali hiyo yalikuwa na uzito wa kilo 15, yaani maji yalikuwa theluthi mbili ya uzito wote, kiwango kinachopendwa na uyoga huu. Niligawa katika mifuko mitano ya kilo tatu, nikachanganya kila mmoja na gramu 150 za mbegu, yaani nyuzi za kuvu zilizooteshwa juu ya nafaka, sawa na asilimia 5 ya uzito uliolowa, kwa tabaka, na nikaweka nyingi zaidi pembezoni ambako ukungu hupenda kuanzia. Mikono na meza vilipanguswa kwa spiriti ya asilimia 70, madirisha yakafungwa, na feni ya chumba ikazimwa. Kila mfuko ulitobolewa matundu machache yaliyozibwa kwa plasta ya karatasi inayopitisha hewa.

Sikuongeza pumba. Pumba huleta naitrojeni na hupandisha mavuno, lakini huleta pia joto zaidi ndani ya mfuko na mwaliko kwa ukungu, na mabua yaliyoongezewa pumba hudai usafi wa joto kali kuliko huo niliotumia. Kuvu yenyewe huko porini huishi juu ya mbao zenye naitrojeni haba mno, nayo imejipatia njia ya kuliziba pengo hilo: nyuzi zake hutoa sumu inayowapooza minyoo wadogo sana wa jamii ya nematodi, kisha hupenya miilini mwao na kuwala. Kiumbe tunachokipika kama mboga ni mwindaji.

Gizani

Mifuko ilikaa nje ya kabati, kwenye kona yenye giza na joto la nyuzi 22 hadi 24, pakiwa na nafasi ya sentimita kumi kati ya mfuko na mfuko. Nafasi hiyo si ya mapambo. Kuvu inapokula hutoa joto, na kipimajoto kirefu nilichokichomeka katikati ya mfuko mmoja kilisoma nyuzi 27 wakati chumba kilikuwa na 23. Mifuko ikisongamana, joto la katikati huweza kupita nyuzi 30, ambapo nyuzi za uyoga huu huchoka na ukungu unaopenda joto hupata mwanya.

Kwa siku za mwanzo hakuna cha kuandika. Kisha kila punje ya mbegu ikazungukwa na manyoya meupe, manyoya yakakutana, na kufikia wiki ya tatu mifuko minne ilikuwa myeupe kutoka juu hadi chini, imeshikamana kiasi kwamba ukiubonyeza mfuko unarudi badala ya kubonyea. Hewa ndani ya mifuko katika hatua hii hujaa hewa ukaa kupita kiasi cha kihisi changu kuweza kusoma, na hilo si tatizo. Nyuzi hustahimili viwango ambavyo uyoga wenyewe haungevistahimili hata kidogo. Matone ya rangi ya manjano yaliyojitokeza hapa na pale chini ya nailoni ni majimaji ya kuvu yenyewe, na yakiwa machache hayahitaji kushughulikiwa.

Mfuko wa tano ulipata Trichoderma. Ukungu huu huanza ukiwa mweupe, kwa hiyo siku za mwanzo hujificha ndani ya weupe wa uyoga. Tofauti ni kwamba weupe wake ni wa unga, umelala, hauna nyuzi zinazoonekana kama kamba nyembamba, na siku mbili tatu baadaye hugeuka kijani kibichi unapoanza kutoa spora. Pua husaidia vilevile: mfuko mzima hunukia vizuri, harufu iliyo karibu na ya msitu baada ya mvua, na mfuko ulioharibika hutoa harufu chachu. Uliondolewa ukiwa umefungwa, haukufunguliwa ndani ya nyumba, ukazikwa nje mbali na dirisha.

Kuufungulia uyoga

Mifuko minne iliingia kabatini, miwili kwenye rafu ya pili na miwili kwenye rafu ya tatu, kila mmoja ukichanjwa mkato wa umbo la X wenye urefu wa sentimita tano ubavuni. Mambo manne hubadilishwa kwa pamoja katika hatua hii, nayo ndiyo yanayoijulisha kuvu kwamba imefika ukingoni mwa chakula chake na ni wakati wa kuzaa: joto lilishushwa hadi nyuzi 18 hadi 20, unyevu ukapandishwa hadi 95, hewa ukaa ikateremshwa chini ya 800, na taa nyeupe ya LED ikawashwa saa 12 kwa siku. Uyoga hautengenezi chakula kwa mwanga kama mimea, lakini unauhitaji mwanga, hasa sehemu yake ya buluu, ili kuunda vichwa na kuvielekeza. Mwanga wa kumwezesha mtu kusoma gazeti bila kukodoa macho unatosha. Taa za kukuzia mimea ni gharama isiyo na faida hapa.

Vichwa vya kwanza vilitokea kwenye mikato, vidogo kama vichwa vya pini, rangi ya kijivu iliyoiva, vikiwa vimesongamana makumi kwa makumi. Vingi vyake hukauka na kubaki vijiti vya kahawia, na mgeni wa kazi hii huweza kudhani ameharibikiwa. Kuvu huanzisha vingi na kuvilisha vichache; ikiwa kishada kina vichwa kumi na viwili vinavyoendelea kukua, waliokufa kando yao hawaonyeshi kasoro. Vikikauka vyote kwa pamoja ndipo unyevu unapopaswa kushukiwa.

Rafu ya tatu, upande wa kulia

Siku chache baadaye mfuko mmoja ulianza kutofautiana na wenzake. Mashina yake yalirefuka na kunenepa huku kofia zikibaki ndogo, zimegeukia juu, na kishada kizima kikawa na sura ya matawi ya marijani. Hiyo ni lugha ya hewa ukaa: uyoga unajinyoosha kuitafuta hewa safi kabla ya kuifungua kofia yake. Kihisi, hata hivyo, kilisoma 750, kiwango kizuri kabisa.

Kihisi kilikuwa upande wa kushoto. Nilipokihamishia kando ya mfuko wenyewe, kwenye rafu ya tatu upande wa kulia, kilipanda taratibu hadi 1,600. Tundu la kuingizia hewa na feni ya kuitoa vyote vilikuwa kushoto, kwa hiyo hewa mpya ilishuka moja kwa moja ukutani na kutoka, ikiuacha upande wa pili ukiwa umetuama nyuma ya mifuko. Hesabu ya mabadiliko matano kwa saa hudhani kwamba hewa yote huchanganyika. Kabati halikuwa na habari hiyo. Nililihamishia tundu la juu upande wa kulia ili hewa ikate kabati mshazari, nikaongeza kifeni cha milimita 40 cha volti 5 ndani, kikipuliza taratibu kuelekea ukuta na si kuelekea uyoga. Tangu hapo tofauti kati ya pembe za kabati haikupita 150, na wanaosema kwamba hewa ukaa lazima itulie chini kwa kuwa ni nzito wajaribu kuipima mahali ambapo hewa inatembea.

Kisha unyevu ukashuka. Hewa iliyochanganyika vizuri hukausha vizuri, na ndani ya siku moja kingo za kofia kwenye rafu ya pili zilianza kupasuka na kuwa na rangi ya ngozi kavu, ilhali kihisi kilikuwa kikisoma 82. Jibu la haraka lingekuwa kuirefushia mashine ya unyevu muda wake, nami nililijaribu kwa usiku mmoja tu: asubuhi kofia zilikuwa zimelowa, matone yametuama katikati yake, na kuta zikitiririka. Maji yanayotuama juu ya kofia ni mwaliko kwa bakteria Pseudomonas tolaasii, ambao huacha madoa ya manjano yanayogeuka kahawia na kuteleza, na madoa hayo yakishaingia hayafutiki. Kinachotakiwa ni hewa yenye mvuke mwingi inayopita juu ya uyoga ambao uso wake unapata nafasi ya kukauka, na mambo hayo mawili hayapingani endapo hewa inatembea.

Kilichofaa ni kubadilisha mpangilio wa saa. Awali feni ilivuta kwanza, na mashine ikafuata dakika kadhaa baadaye kujaza pengo, kwa hiyo kila robo saa uyoga ulipitia ukame mfupi ukifuatiwa na manyunyu mazito. Sasa vyote viwili huwaka pamoja: hewa kavu ya chumba hukutana na manyunyu kwenye tundu la juu, na matone mengi hugeuka mvuke kabla hayajafikia rafu ya pili. Unyevu hucheza kati ya 88 na 93, hewa ukaa kati ya 600 na 850, na kofia hukauka kabla ya mzunguko unaofuata. Ukuta wa nyuma, ulio karibu na ukuta wa nje wa nyumba, uliendelea kutiririka mpaka nilipoweka bamba la povu kati yao. Sababu yake ni ya kifizikia tu: hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 90 huanza kutoa maji mara inapogusa kitu chenye nyuzi 18 hivi, na ukuta wa nje wakati wa usiku hufika hapo bila shida.

Tangi la mashine nalo linadai matunzo yake. Maji magumu huacha unga mweupe wa madini juu ya kofia, ambao hauna madhara makubwa lakini huonekana vibaya, na maji yaliyolala huota utelezi ambao mashine huutawanya hewani. Maji yaliyochujwa madini, tangi kusuguliwa kila wiki na maji ya zamani kumwagwa: hakuna zaidi ya hapo.

Mavuno

Uyoga mamama huvunwa wakati kingo za kofia bado zimejikunja kidogo kuelekea chini. Kofia ikinyooka na kuwa bapa huanza kumwaga spora, na asubuhi moja ya kuchelewa inatosha kuifunika rafu ya chini kwa unga mweupe unaofifisha vihisi na kuziba kichujio. Jambo zito zaidi ni mapafu: kuzivuta spora hizi mara kwa mara huwasababishia baadhi ya watu mzio wa mapafu wenye homa na kikohozi, na humpata hata mtu ambaye miezi ya kwanza hakuona dalili yoyote. Barakoa inayochuja vumbi ning'inio lake liko kwenye zipu ya kabati, na kabati halifunguliwi bila kuivaa.

Kishada huzungushwa na kung'olewa chote, kisha mabaki ya shina husafishwa ili yasioze kwenye mkato. Mkupuo wa kwanza ulitoa gramu 480, 510, 430 na 390, na ule mfuko wa rafu ya tatu, ambao vishada vyake vya mwanzo vilikuwa vimeshaharibika sura, ndio uliotoa kidogo zaidi. Jumla ni gramu 1,810 kutoka kilo nne za mabua makavu. Wakulima hupima ufanisi kwa kulinganisha uyoga mbichi na uzito mkavu wa chakula chake, na kwa kipimo hicho mkupuo wa kwanza ni asilimia 45.

Baadhi ya uyoga uliwekwa juani kabla ya kupikwa, matamvua ya chini ya kofia yakitazama juu, kwa muda usiozidi saa moja. Uyoga una ergosteroli, ambayo miali ya jua huigeuza kuwa vitamini D2, na matamvua yana uso mkubwa wa kupokea miali hiyo. Wote ulipikwa, uyoga huu haufai kuliwa mbichi.

Mkupuo wa pili na visubi

Baada ya mavuno mifuko ilipumzishwa kwa siku kadhaa bila manyunyu mengi, kisha ikaloweshwa katika maji baridi usiku mmoja ili kurudishiwa maji yaliyoondoka na uyoga, kwani uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, na maji hayo yote yalitoka kwenye mabua. Mfuko uliopungua uzito ndio wenye kiu, na mizani husema hilo vizuri zaidi ya jicho.

Katika kipindi hiki walitokea visubi, vijidudu vyeusi vyenye kuruka kwa kuyumba, ambao mabuu wao hula nyuzi na kutoboa mashina. Hakuna dawa inayofaa kupulizwa juu ya chakula kinachofyonza kila kitu. Niliweka wavu mwembamba ndani ya kichujio cha kuingizia hewa, nikatundika karatasi za manjano zenye gundi karibu na taa, nikaondoa kila shina bovu, na idadi yao ikapungua kabla haijaleta hasara ya kuandikwa.

Mkupuo wa pili ulitoa gramu 1,020 na wa tatu gramu 460, hivyo jumla ikafika gramu 3,290, sawa na asilimia 82 ya uzito wa mabua makavu. Mkupuo wa nne unawezekana, lakini mifuko imelegea, miwili ina madoa ya kijani kwenye mikato, na kuiacha kabatini ni kuwalea adui kwa ajili ya kizazi kijacho. Yote imetolewa na mabua yake yamepelekwa bustanini, ambako yanafaa kama matandazo na mbolea.

Mzunguko ujao

Kabati limeoshwa kwa maji ya sabuni, likapanguswa kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa na kuachwa wazi mpaka likakauka. Kichujio kimebadilishwa, na vihisi vyote vitarudishwa kwenye chumvi kabla ya kutumiwa tena.

Kwa kuwa chumba kinaelekea kwenye miezi ya joto, mbegu zinazofuata ni za uyoga wa waridi, Pleurotus djamor, ambao huzaa vizuri kati ya nyuzi 20 na 30 na usiostahimili baridi. Hata mbegu zake hazipaswi kuwekwa kwenye jokofu kama za mamama. Hukua upesi zaidi, hupumua kwa kasi zaidi na haukai muda mrefu baada ya kuvunwa. Hewa ya nyuzi 26 ikijaa hubeba gramu 24 hivi za mvuke kwa mita ya ujazo badala ya 17.3, kwa hiyo kila mzunguko wa feni utatoa maji mengi zaidi kuliko ule wa nyuzi 20 kama hewa ya chumba itabaki na mvuke uleule. Nitaanza na feni dakika moja na nusu kwa kila robo saa, mashine ya unyevu ikiwaka nayo kwa pamoja, mifuko mitatu tu badala ya minne, na kihisi cha hewa ukaa kikiwa kwenye rafu ya tatu, upande wa kulia.